Kabla ya kuchimba kisima, mwone mhaidrojiolojia

Maji ya bomba yanayofika Tegeta hutoka katika mtambo wa Ruvu Chini, uliojengwa mwaka 1976. Mto Ruvu unapopungua, kama ilivyokuwa katika ukame wa mwaka 1997 na ule wa mwaka 2022, kaya nyingi hugeukia visima. Uchimbaji wa kisima kirefu hugharimu fedha nyingi, na si kila kisima kinachotoa maji hutoa maji yanayofaa. Mtaalamu mwenye jukumu la kulitambua hilo mapema ni mhaidrojiolojia, yaani mtaalamu wa maji yaliyo chini ya ardhi.

Kazi yake huanza kwa kuisoma ardhi. Kilima cha Wazo, ambacho mawe yake hutengenezewa saruji tangu mwaka 1966, ni chokaa iliyotokana na matumbawe ya kale. Maeneo mengi ya ukanda huu yana tabaka za mchanga na mfinyanzi zinazopishana. Mchanga huhifadhi na kupitisha maji; mfinyanzi huyazuia. Ili kuzitambua tabaka hizo bila kuchimba, mtaalamu huchomeka vijiti vya chuma ardhini, hupitisha mkondo wa umeme, kisha hupima jinsi ardhi inavyoupinga. Mchanga wenye maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi, na wenye maji baridi huupinga zaidi.

Kisima kikishachimbwa, maji huvutwa kwa saa nyingi mfululizo huku kina chake kikipimwa. Kipimo hicho ndicho huamua ukubwa wa pampu na kiasi cha maji kinachoweza kuvutwa kwa siku bila kukiharibu kisima.

Kwa wakazi wa karibu na bahari, kama Kunduchi na Ununio, hatua hii ni ya lazima. Chini ya ardhi ya pwani, maji baridi huelea juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi zaidi. Wataalamu wawili, Badon Ghijben wa Uholanzi na Herzberg wa Ujerumani, walikokotoa kwamba kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari huambatana na takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Kwa hiyo, usawa wa maji ukishuka mita 1 kwa muda mrefu kutokana na kuvuta kupita kiasi, chumvi inaweza kupanda hadi mita 40. Ndiyo maana kuongeza kina mara nyingi hakuponyi kisima cha chumvi, bali huisogelea chumvi yenyewe. Aidha, chumvi haitambui mpaka wa kiwanja: pampu kubwa ya mmoja huweza kuharibu visima vya majirani, na ardhi huhitaji mvua za miaka mingi ili kusafishika.

Kwa sababu hiyo, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inayahesabu maji ya chini ya ardhi kuwa mali ya umma. Vibali vya kuyatumia katika eneo letu hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na mchimbaji anapaswa kuwa na leseni.

Vijana wanaopenda fizikia, kemia na jiografia wanaweza kuisomea taaluma hii katika Chuo cha Maji, Ubungo, au kupitia masomo ya jiolojia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mwananchi unashauriwa kudai mambo matatu kabla ya kulipa: ripoti ya upimaji wa ardhi, leseni ya mchimbaji na kibali cha Bodi. Baada ya uchimbaji, dai pia matokeo ya upimaji wa maji katika maabara, na uyatunze pamoja na hati za kiwanja. Anayekuambia kuwa maji yapo huenda anasema kweli. Ripoti ndiyo itakayokuonyesha ni maji ya namna gani, na yatadumu kwa kiasi gani.