Tumbo la Gari na Mawe ya Upare

Nahodha wa jahazi haulizi tu chombo kinachukua shehena kiasi gani. Huuliza pia kikishapakiwa kitazama kiasi gani, kwani mwamba haujali chombo kilielea vipi kilipokuwa kitupu. Ajabu ni kwamba sisi watu wa Visiwani, tuliolelewa na hesabu hiyo, tukinunua gari la nyumbani huisahau kabisa. Tunatazama viti, rangi na unywaji wa mafuta. Nafasi iliyopo baina ya ardhi na tumbo la gari hatuiulizi mpaka jiwe lituulize.

Sisi tuliulizwa Same. Tulikwenda kuhani msiba wa ndugu tuliyepata kufanya naye kazi, watu sita na mizigo yetu ndani ya stesheni wagoni moja. Mpaka mjini Same ilikuwa lami, na gari lilikwenda kwa adabu. Lakini msiba ulikuwa juu, katika safu ya Upare Kusini, ambayo kilele chake, Shengena, kinafika mita 2,462. Njia tuliyoishika ilikuwa imechimbwa na malori mifereji miwili, mvua za masika zikaizidisha, na katikati ukabaki mgongo wa udongo wenye mawe. Magurudumu yetu yaliingia mifereji ile. Tumbo likapanda mgongo. Tulisikia kishindo kimoja tu. Dereva, Mwenyezi Mungu amjaze kheri, alizima injini papo hapo. Sampu ilikuwa imepasuka na oili yote ilikuwa inamwagika.

Hilo lingekuwa shauri letu wenyewe lau si pikapu iliyokuwa ikiteremka, imembeba mama mjamzito anayepelekwa hospitali. Njia ni nyembamba. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili bonde. Karibu saa nzima ilipita tukisukuma na kuinua, mpaka pikapu ikapata upenyo. Mama yule hakusema neno. Alitutazama tu.

Tuliporudi tulijisomesha. Kwa magari mengi ya aina hii, kutoka ardhi tambarare hadi kitu kilicho chini kabisa, iwe sampu, bomba la moshi au difu, ni kiasi cha sentimita 15 hivi. Na tarakimu iliyoandikwa kwenye karatasi mara nyingi ni ya gari tupu. Wakiingia watu sita na magunia mawili ya tangawizi, springi hubonyea, nyuma huzama, na sentimita kadhaa hupotea kabla safari haijaanza. Urefu nao una hesabu yake. Kwenye tuta linalokatiza njia, gari ambalo ekseli zake ziko mbali hugusa tumbo mapema kuliko gari fupi la kimo kilekile. Peugeot 504 ya kawaida ilikuwa na mita 2.74 baina ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Stesheni wagoni yake, 2.90.

Hata hivyo Peugeot hiyo ilipendwa Afrika Mashariki nzima, na si bure. Difu yake ya nyuma ilikuwa ndani ya ekseli yenyewe, hivyo mzigo haukuishusha. Lakini jambo hilohilo lina upande wa pili: ukiinua springi za gari la namna hiyo, bodi hupanda na difu hubaki palepale. Dawa yake ni tairi kubwa zaidi, nayo ni nusu dawa, kwani tairi likizidi kimo kwa sentimita 4, gari hupata 2 tu. Kampuni ya Subaru, katikati ya miaka ya 1990, iliinua stesheni wagoni yake na kuiita Outback. Za siku hizi zina zaidi ya sentimita 20. Lakini gari lililoinuliwa huyumba zaidi kwenye kona, na Upare ni kona tupu. Kwa hiyo asije mtu akadhani tunamshauri apandishe gari kama minara.

Ndugu zetu maofisa wanaoagiza magari ya zahanati na mashamba tunawaomba jambo dogo. Gari lipakiwe watu na mzigo wake wa kila siku, lisimamishwe mahali tambarare, kisha mtu ainame na rula. Bamba la chuma la kukinga sampu ni bei ndogo kuliko injini. Na wenye dhamana ya njia za milimani wajue kwamba kuukwangua mgongo wa katikati kabla ya masika ni sawasawa na kuliongezea kila gari kimo, bila ya mwananchi kutoa senti.

Mwaka uliofuata tulipanda tena kwa hitima, gari lilelile, likiwa na bamba chini. Tulipofika penye mgongo ule tulishuka sote sita tukatembea. Gari likapita, pengine kwa upana wa vidole viwili.