Dhima ya Kampuni Mama: Sehemu ya Pili

Katika sehemu iliyotangulia tuliieleza ile hukumu mashuhuri ya mwaka 1896, ambayo kwayo Baraza la Malodi la Uingereza lilikata shauri la Aron Salomon, mtengenezaji viatu wa Whitechapel aliyemiliki hisa 20,001 katika kampuni yenye hisa 20,007, zile sita zilizosalia zikiwa mikononi mwa mkewe na watoto wake, ya kwamba kampuni hiyo, ijapokuwa ni yake kwa kila hali, ilikuwa na nafsi yake mbele ya sheria, na madeni yake hayakuwa madeni ya Salomon. Juu ya msingi huo zimesimama sheria za makampuni za nchi nyingi zilizorithi kanuni za Kiingereza, Kenya na Tanzania zikiwamo. Na juu ya msingi huo huo makampuni makubwa yamezoea kuunda kampuni tanzu katika kila nchi yanakochimba, ili hasara na lawama za huko zibaki huko huko.

Mazoea hayo yalitikiswa tarehe 10 Aprili 2019, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilipotoa uamuzi katika shauri la Vedanta. Wadai walikuwa watu 1,826, mafakiri wa vijiji vya karibu na Chingola nchini Zambia, waliolalamika kwamba sumu itokayo katika mgodi wa shaba wa Nchanga imeharibu maji wanayokunywa na kumwagilia mashamba. Mgodi uliendeshwa na Konkola Copper Mines. Vedanta ilikuwa kampuni mama, yenye makao yake London, na ilijitetea kwamba haikuwa na dhima yoyote juu ya kazi za mgodi.

Lord Briggs, aliyeiandika hukumu, hakuibatilisha kanuni ya Salomon wala hakuhitaji kuigusa. Alishika kanuni za kawaida za daawa ya madhara, akauliza ni kwa kadiri gani kampuni mama yenyewe ilishiriki kuzisimamia na kuzielekeza kazi za mgodi, au ilipata nafasi ya kufanya hivyo. Na alipotafuta dalili alizikuta katika maandishi ya Vedanta yenyewe, taarifa zilizochapishwa kwa fahari ambamo ilijitwika jukumu la kulinda mazingira katika kampuni zake zote. Tena akaongeza neno zito: kampuni iliyoutangazia ulimwengu kwamba inasimamia, kisha isisimamie, yaweza kuwajibika kwa kule kuacha kwenyewe. Bila shaka wako waandishi wa taarifa za makampuni ambao tangu siku ile kalamu zao zimekuwa nzito.

Ikabaki daawa isikilizwe wapi. Majaji waliona Zambia ndiko kulikostahili, wala hawakutilia shaka uadilifu wa mahakama zake. Ila wadai hawakuwa na uwezo wa kulipa, msaada wa serikali kwa daawa kama hiyo haukupatikana, mapatano ya kumlipa wakili pindi ashindapo yamekatazwa huko, na mawakili wenye uzoefu na nguvu ya kulikabili shauri kubwa namna hiyo walikosekana; kwa hiyo daawa ikaruhusiwa kusikilizwa Uingereza. Kwa rai yangu, aya hizo ndizo zinazopasa kusomwa kwanza na wanasheria wetu, kwani upungufu unaotajwa ni wa sisi wenyewe kuuondoa.

Tarehe 12 Februari 2021 mahakama hiyo hiyo ilifuata njia ile ile kwa wakazi zaidi ya 40,000 wa Ogale na Bille, katika Jimbo la Rivers, Nigeria, dhidi ya Shell, ikiikosoa Mahakama ya Rufaa kwa kuupima ushahidi kana kwamba kesi imekwisha kusikilizwa. Ama daawa ya Chingola ilimalizwa kwa sulhu Januari 2021, bila ya makampuni kukiri dhima; hivyo kama Vedanta kweli ilikuwa na wajibu kwa watu wale, na kama iliuvunja, hakuna jaji aliyepata kuamua.