Mtandio uliofunika nyota: Haki ya jirani katika mji wa Sarajevo

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (SW), Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na sahaba zake watukufu.

Ndugu Waislamu, ipo picha moja iliyopigwa mwaka 1941 katika mtaa wa mji wa Sarajevo, nchini Bosnia. Inawaonyesha wanawake wakitembea pamoja na watoto. Wanawake wawili ni Waislamu waliojisitiri barabara. Aliyefuatana nao ni jirani yao Myahudi, Bi Rivka Kavilio, ambaye watawala wa wakati huo walimlazimisha kuvaa mkononi alama ya nyota ya manjano ili atambulike popote aendapo. Lakini nyota ile haionekani. Bi Zejneba Hardaga, mmoja wa wale Waislamu, amejisogeza karibu na jirani yake na kuifunika kwa mtandio wake.

Stara aliyoamrishwa na dini yake, siku ile ilikuwa stara ya wawili.

Ili tuelewe uzito wa jambo hilo, inafaa tukumbuke hali ilivyokuwa. Wayahudi wa Sarajevo walikuwa wenyeji wa miaka mingi. Wazee wao walifukuzwa Hispania mwaka 1492, na wengi wakapata hifadhi katika nchi zilizokuwa chini ya dola ya Kiislamu ya Uthmaniya. Kwa karne kadhaa misikiti na masinagogi ya mji huo yalikaa karibu karibu. Aprili 1941 majeshi ya Hitler yaliivamia Yugoslavia, na Bosnia ikawekwa chini ya serikali ya vibaraka wao wa Kikroatia, Ustasha. Hapo ndipo maangamizi yalipoanza. Katika Ulaya nzima, Wayahudi wapatao milioni 6 waliuawa kabla ya vita kumalizika mwaka 1945.

Nyumba iliyofunguliwa

Bwana Josef Kavilio, mumewe Rivka, alikuwa na kiwanda cha mabomba katika jengo lililomilikiwa na Bwana Mustafa Hardaga, mumewe Zejneba. Ndege za Wajerumani ziliposhambulia mji, nyumba ya Kavilio ilibomolewa, naye akabaki hana pa kuilaza familia yake. Mustafa alipopata habari hakusubiri kuombwa. Aliwachukua wote akawapeleka nyumbani kwake.

Yafaa tufahamu kwamba Mahardaga walikuwa watu wa dini hasa. Wanawake wa nyumba hiyo walifunika nyuso zao mbele ya wanaume wasio maharimu, na haikuwa kawaida mwanamume wa kando kulala humo. Kavilio alisimulia baadaye jinsi wenyeji wake walivyomwambia kwamba tangu siku ile yeye ni ndugu yao, na watoto wake ni kama watoto wao. Haya yalifanyika ilhali makao ya Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, yalikuwa jirani na nyumba hiyo, na matangazo ukutani yalionya kuwa atakayemficha Myahudi adhabu yake ni kifo.

Baadaye Kavilio alifanikiwa kuwapeleka mkewe na watoto Mostar, mji uliokuwa chini ya Waitalia, ambako Wayahudi walikuwa na usalama zaidi. Yeye mwenyewe alibaki nyuma, akakamatwa. Theluji nyingi iliyoanguka majira hayo ilichelewesha safari ya kuwapeleka wafungwa katika kambi ya mauti ya Jasenovac, hivyo wakatiwa minyororo na kutolewa nje kuifyeka theluji barabarani. Bi Zejneba akamwona. Tangu hapo alijihatarisha kumpelekea chakula yeye na wenziwe. Kavilio alipotoroka, mlango aliokwenda kuubisha ni ule ule wa Mahardaga, nao wakamficha tena hadi alipoweza kuwafuata wanawe Mostar.

Malipo ya wema huo yalikuwa mazito. Baba yake Zejneba, Mzee Ahmed Sadik, naye aliificha familia nyingine ya Kiyahudi. Aligunduliwa, akapelekwa Jasenovac na kuuawa huko.

Vita vilipokwisha, familia ya Kavilio ilirudi Sarajevo na kupokewa kwa mara nyingine katika nyumba ile ile. Humo walirudishiwa vito vyao walivyokuwa wameviacha. Ni nani angewadai Mahardaga amana hiyo iwapo wenyewe wangeuawa? Lakini sisi tunamjua Mtume (SAW) ambaye, usiku wa kuhama Makka, alimwacha Sayyidna Ali (RA) nyuma ili awarudishie amana zao watu wale wale waliokuwa wakimfanyia njama ya kumuua.

Wema hauozi

Kavilio alihamia Jerusalem, na hakusahau. Kwa ushahidi wake, mwaka 1984 taasisi ya kumbukumbu ya Yad Vashem iliwatambua Mahardaga na marehemu Ahmed Sadik kuwa miongoni mwa watu waadilifu waliowaokoa Wayahudi. Mwaka uliofuata Bi Zejneba alikwenda Jerusalem kupanda mti wa kumbukumbu.

Kisha dunia ikageuka. Mwaka 1992 Sarajevo ilizingirwa na majeshi ya Waserbia wa Bosnia, na safari hii Waislamu ndio waliowindwa kwa ajili ya dini na majina yao. Bi Zejneba, mjane wa zaidi ya miaka 70, alikuwa amekwama mjini humo pamoja na binti yake katika njaa, baridi na mizinga. Wale waliokumbuka wema wake wa mwaka 1941 walihangaika huku na kule, na mwaka 1994 akatolewa salama yeye na familia ya bintiye. Wahenga walisema kweli kwamba wema hauozi.

Ndugu Waislamu, familia hii haikubuni jambo geni. Katika Suratun Nisaa, aya ya 36, Allah (SW) ametuamrisha kumtendea wema jirani wa karibu na jirani wa mbali, na wanazuoni wengi wamefasiri kwamba asiyekuwa Mwislamu naye yumo. Suratul Maidah, aya ya 32, inatufundisha kwamba kuiokoa nafsi moja ni kama kuwaokoa watu wote. Na katika Suratut Tawba, aya ya 6, hata mshirikina akiomba hifadhi anastahiki kupewa, kisha afikishwe mahali pake pa amani. Mahardaga walifanya hivyo hasa: walimhifadhi jirani mpaka akafika penye amani.

Wala hawakuwa peke yao. Nchini Albania, nchi yenye Waislamu wengi, kijana Refik Veseli aliyekuwa akijifunza kazi ya kupiga picha aliichukua familia ya Kiyahudi ya Mandil na kuipeleka kwa wazazi wake katika mji wa Kruja, nao wakaificha hadi nchi ilipokombolewa mwaka 1944. Mjini Berlin kwenyewe, tabibu wa Kimisri Mohamed Helmy alimficha binti wa Kiyahudi.

Hata hivyo haki inatulazimu tuseme na upande wa pili. Wapo Waislamu waliokwenda kinyume. Mwaka 1943 Wanazi waliunda kikosi cha askari wengi wao wakiwa Waislamu wa Bosnia, na Amin al-Husseini, Mufti wa Jerusalem wa zama hizo, alisaidia kuwahamasisha watu wajiunge nacho. Kwa hiyo jina la Kiislamu pekee halikumwokoa mtu yeyote. Waliookoa ni wale walioifuata dini yenyewe.

Huenda msomaji akauliza: Tuna haja gani ya kuyasimulia haya ilhali ndugu zetu wa Palestina wanateseka? Swali hilo lina uchungu wa kweli, nasi hatulipuuzi. Jawabu limo katika Suratul Maidah, aya ya 8, inayotukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu fulani. Dhuluma ya dola hupingwa kwa kuitaja kuwa ni dhuluma, na atakayeitetea haki ya Mpalestina hana haja ya kuyakana mateso ya Myahudi wala kumdhuru asiye na hatia.

Na wala mambo haya si ya Ulaya pekee. Mwaka ule ule wa 1994, katika mauaji ya kimbari ya Rwanda, Waislamu wengi wa mtaa wa Biryogo mjini Kigali, ambako Kiswahili husikika barazani, waliwaficha Watutsi majumbani mwao kwa hatari ya kuuawa pamoja nao.

Basi tukirudi majumbani baada ya swala ya Ijumaa, tuwasimulie watoto wetu habari za mtandio ule. Kisha kila mmoja ajiulize kwa siri yake: Je, jirani yangu asiye wa dini yangu, siku atakapokuwa hana pa kukimbilia, ataufikiria mlango wangu? Jawabu la swali hilo hujengwa leo, wakati bado kuna amani.

Allah (SW) atujaalie tuwe hifadhi kwa majirani zetu, wala asitujaalie kuwa khofu yao. Amin.