Weka maji kwenye themosi, maziwa yakae kando

Maji ya Mugutha hayafiki nyuzijoto 100, hata ukiyachemsha kutwa nzima. Mtaa huu ulio kando ya barabara kuu ya Thika, kati ya Ruiru na Juja, uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Huku juu hewa ni nyepesi, haiyakandamizi maji kwa nguvu kama kule pwani, kwa hivyo maji hutokota yakiwa karibu na nyuzijoto 95. Ukiongeza moto hayazidi kupata joto. Yanageuka mvuke kwa kasi zaidi tu, na gesi uliyonunua inaishia hewani.

Jambo hilo linamgusa kila anayebeba themosi asubuhi: fundi wa mjengo, mlinzi wa zamu ya usiku, mama anayeuza chai na mandazi kwenye steji. Kwa wakazi wa nyanda hizi, safari ya maji moto huanza na joto pungufu, na tangu sufuria inapoepuliwa joto hilo linatafuta njia ya kutoroka. Lakini afya ya mnywaji haitegemei muda wa kuhifadhi joto peke yake. Inategemea pia kile kilichowekwa ndani ya chupa. Kwa maoni yangu, kinachofaa kwenda kazini ndani ya themosi ni maji matupu, na chai itengenezwe pale pale inaponywewa.

Joto lina njia tatu za kutoroka. Hupita ndani ya kitu kigumu, kama linavyopanda mpini wa kijiko kilichoachwa kwenye sufuria. Hubebwa na hewa au maji yanayozunguka. Na hurushwa kama miale isiyoonekana, ile unayoihisi usoni ukikaa karibu na jiko la makaa. Mwaka 1892, mwanasayansi wa Uskoti James Dewar alikuwa jijini London akitafuta chombo cha kuwekea gesi zilizopozwa sana hadi zikawa kimiminika. Alichukua chupa ya kioo, akaiweka ndani ya nyingine, akaziunganisha shingoni na kuiondoa hewa iliyokuwa katikati. Pasipo hewa, joto halina cha kupitia wala cha kulibeba. Kioo kilichopakwa fedha nacho hurudisha miale ilikotoka. Chombo kilichobuniwa kuzuia joto lisiingie kikawa hodari vile vile wa kulizuia lisitoke. Mafundi wa Ujerumani, Reinhold Burger akiwa mmojawapo, walikivika ganda la chuma, na mwaka 1904 kikaanza kuuzwa kwa jina la Thermos.

Dewar aliacha mlango mmoja wazi, nao ni shingo. Joto jingi hutorokea pale, hasa kifuniko kikiwa kimelegea au mpira wake umechakaa. Kwa sababu hiyo themosi iliyojaa hukaa na joto muda mrefu kuliko iliyojazwa nusu, na inayofunguliwa kila baada ya nusu saa hupoa haraka hata iwe ya bei gani. Chupa baridi nayo hunyonya joto la maji ya kwanza. Mimina kikombe cha maji yanayotokota, funga, subiri dakika tano, yamwage, kisha ujaze maji mapya yaliyotoka motoni. Hatua hiyo ndogo huokoa nyuzijoto kadhaa, na kwa mtu anayeanzia 95 hizo si chache.

Ili kujua kama themosi yako bado ni nzima, ijaze maji yanayotokota na uishike ubavuni baada ya robo saa. Ganda likiwa na joto, hewa imeshaingia katikati ya kuta. Kwa zile za kioo, mara nyingi kilichovunjika ni ile ncha ndogo iliyo kitakoni mwa chupa ya ndani, mahali hewa ilipofyonzwa. Hakuna ukarabati hapo. Nunua chupa mpya ya ndani.

Sasa maziwa. Chai ya Kenya hupikwa: maji, maziwa, majani na sukari katika sufuria moja hadi ipande karibu kumwagika. Ni tamu, nami siwezi kumwambia mtu aiache. Tabu yake huanza inapofungiwa chupani tangu alfajiri hadi alasiri. Kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus, anayeishi kwenye udongo, nafaka na hata maziwa. Hali ikiwa ngumu kwake hujifungia ndani ya spora, ganda gumu linaloweza kustahimili mchemko. Chai ikiwa juu ya nyuzijoto 60 spora hizo hubaki zimelala. Joto likishuka chini ya hapo ulinzi hulegea, na kadiri chai inavyokaribia joto la mwili wa binadamu ndivyo bakteria wanavyoamka na kuzaana kwa kasi. Baadhi yao hutoa sumu inayoleta kutapika, na sumu hiyo haivunjiki hata chai ikichemshwa upya. Kwa hiyo ule mtindo wa kuipasha chai ya asubuhi saa kumi jioni hautoi usalama ambao watu wanadhani unatoa.

Themosi nzima, iliyotayarishwa vizuri, inaweza kuiweka chai juu ya nyuzijoto 60 hadi wakati wa chakula cha mchana. Iliyochoka inaweza kushindwa kabla ya saa nne asubuhi, na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Chai ya maziwa ikishakuwa vuguvugu kwa zaidi ya saa mbili, imwage. Najua inauma kumwaga maziwa, lakini kuhara na kutapika kwa siku mbili humkosesha kibarua wa mjengo pesa nyingi kuliko kikombe hicho.

Maji matupu hayana tabu hiyo. Yakishatokota, hata kwa nyuzijoto 95, vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu vinakuwa vimekufa, kwa maana vingi havivumilii hata nyuzijoto 70 kwa dakika moja. Ndani ya themosi hakuna kikombe kinachochovywa wala mkono unaoingia, na hakuna maziwa ya kulisha bakteria. Majani yetu mengi nayo ni yale yaliyokatwakatwa kuwa chembe ndogo, ambayo hutoa rangi na ladha upesi. Maji yaliyoshuka hadi nyuzijoto 80 bado yatakupa turungi nzuri ukiyafunika kwa dakika tano. Anayetaka maziwa abebe unga wa maziwa, au pakiti ndogo ya yale yasiyohitaji friji, aifungue wakati wa kunywa.

Kazini kuna desturi nyingine inayonisumbua: birika kubwa la umeme lenye bomba, linalowashwa saa mbili asubuhi na kuachwa hadi jioni. Kuchemsha lita 10 za maji hutumia takriban uniti moja ya umeme. Kulilinda joto hilo mchana kutwa katika birika la bati moja, lisilo na koti la kuzuia joto, kunaweza kula uniti moja na nusu zaidi kwa saa nane. Ofisi inalipa zaidi kuyasubirisha maji kuliko kuyachemsha. Themosi mbili kubwa, zikijazwa asubuhi na kujazwa tena saa nane mchana, hufanya kazi hiyo hiyo kwa umeme mdogo zaidi.

Birika la kuongezewa maji kutwa lina kasoro ya pili, na hii ni ya kwetu hasa. Nyumba nyingi za kupanga kati ya Ruiru na Thika hutumia maji ya visima virefu, na katika sehemu za Kiambu, kama ilivyo Bonde la Ufa, maji ya chini ya ardhi huweza kuwa na floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi. Maji yanapogeuka mvuke, floraidi hubaki, kwa hiyo yanayobaki chini yana kiwango kikubwa kuliko yaliyomiminwa. Majani ya chai nayo huongeza kiasi chake. Mwathiriwa mkubwa ni mtoto ambaye meno yake ya kudumu bado yanajijenga ndani ya ufizi, kwa maana ndiyo yatakayoota na madoa ya kahawia. Chemsha kiasi unachohitaji, na mabaki ya jana yamwage.

Kuhusu koili ya kutumbukizwa kwenye ndoo, inayopendwa kwenye bedsita za wanafunzi wa Juja, nasema kwa ufupi: usiguse maji kabla ya kuichomoa ukutani, na usiondoke chumbani ikiwa imewaka.

Kisha kuna joto linaloingia kinywani, jambo ambalo eneo letu lina sababu ya kulichukulia kwa uzito. Saratani ya umio, mrija unaopeleka chakula tumboni, imeenea katika ukanda wa Afrika Mashariki unaoshuka kutoka Kenya, kupitia Tanzania, hadi Malawi. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) liliviweka vinywaji vinavyonywewa vikiwa juu ya nyuzijoto 65 katika kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani. Chai yenyewe haikulaumiwa. Lililolaumiwa ni joto, linalochoma utando wa umio mara kwa mara. Watafiti waliopima vikombe vya wanywaji chai Kilimanjaro walikuta watu wakianza kunywa, kwa wastani, karibu na nyuzijoto 71. Chai ya maziwa ilipoa polepole kuliko ya rangi, na wanywaji wake walianza ikiwa moto zaidi. Utafiti wa magharibi mwa Kenya, uliotolewa mwaka 2019, ulikuta kuwa waliozoea kunywa vinywaji vya moto sana walikuwa na hatari kubwa zaidi ya saratani hiyo kuliko waliokunywa vikiwa vuguvugu.

Hapa tena maji ya themosi yanasaidia. Changanya mililita 200 za maji ya nyuzijoto 80 na mililita 50 za maziwa yasiyopashwa: mchanganyiko unashuka hadi karibu 68, na kikombe chenyewe kinachukua kiasi kingine. Subiri dakika chache na uko chini ya 65. Asiyetia maziwa asubiri zaidi. Bila kipimajoto, fuata ulimi: ikiwa unalazimika kuinywa kwa kuvuta na hewa, bado haijafika.

Joto linalotosha kulinda chakula linatosha pia kuunguza mtoto. Maji ya nyuzijoto 60 huchoma ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache, na ya 70 kwa kupepesa jicho; ngozi ya mtoto ni nyembamba zaidi. Themosi isikae kwenye meza fupi ya sebuleni wala juu ya kitambaa anachoweza kukivuta, na waya wa birika usining'inie. Akiungua, mvue nguo iliyolowa na umwagilie maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, mafuta ya kupikia na yai hufungia joto au kuleta uchafu kwenye kidonda. Funika kwa kitambaa safi, na malengelenge yakitokea, au akiwa ameungua usoni, mikononi au sehemu za siri, mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo.