Krimu Si Doa

Bado wapo watu kanisani wanaomwona bibi harusi katika gauni la krimu, ile rangi ya pembe za ndovu, wakaanza kunong'onezana kuwa si bikira. Kwao, gauni jeupe pe ni agizo la tangu enzi za Biblia. Si kweli, na maneno hayo yamewatia simanzi mabinti wasio na kosa.

Desturi yenyewe ni ya Uingereza, na haijatimiza miaka 200. Zamani bibi harusi wa huko alivaa nguo yake nzuri kuliko zote, hata ikiwa ya buluu au kahawia. Mwaka 1816 Binti Mfalme Charlotte aliolewa akiwa amevaa gauni la rangi ya fedha. Aliyebadili mambo ni Malkia Victoria, aliyeolewa akiwa amevaa gauni jeupe tarehe 10 Februari 1840. Satini yake ilifumwa Spitalfields, London, na leo ukiitazama ni krimu. Lesi ilitoka Beer, kijiji cha pwani ya Devon.

Lesi hiyo ndiyo inayostahili kusimuliwa. Mfumaji aliweka mbele yake mto mgumu uliojazwa majani makavu, juu yake mchoro uliotobolewa matundu. Nyuzi nyembamba zilizungushwa kwenye vijiti. Akavipishanisha, akachoma pini, akavipishanisha tena, mpaka ua moja likamilike. Kila ua na kila jani lilifumwa peke yake, kisha yote yakashonewa kwenye wavu.

Kazi hiyo ilikuwa inakufa. John Heathcoat alikuwa amebuni mashine ya kufuma wavu, na baada ya kiwanda chake cha Loughborough kuvamiwa mwaka 1816, akahamia Tiverton, humo humo Devon. Victoria aliagiza lesi ya mkono ili wanawake walioifuma wapate riziki. Hata hivyo maua yao kwenye veli yake yalishonewa juu ya wavu wa mashine.



Baada ya Victoria, krimu ilivaliwa na mabibi harusi wengi maarufu. Binti Mfalme Elizabeth, aliyekuja kuwa Malkia, aliivaa mwaka 1947, mwigizaji Grace Kelly 1956, Diana wa Wales 1981. Kate Middleton alipoolewa mwaka 2011, washonaji wa lesi yake walinawa mikono kila nusu saa na kubadili sindano kila baada ya saa tatu, kitambaa kisichafuke.

Lakini gauni la kusikitisha kuliko yote ni la Jacqueline Bouvier, aliyeolewa na John F. Kennedy mwaka 1953. Lilishonwa na Ann Lowe, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Alabama katika ukoo wa mafundi cherehani. Siku kama kumi kabla ya harusi, maji yalifurika kwenye karakana yake New York yakaliharibu, pamoja na nguo za wasimamizi. Lowe na wasaidizi wake walianza upya, wakamaliza kwa wakati, naye akabeba hasara. Picha zikaenea dunia nzima, lakini magazeti mengi hayakumtaja.

Hiyo ni dhuluma. Anayesimulia gauni la Jacqueline na amtaje Ann Lowe, na bibi harusi wa krimu aachwe aolewe kwa amani.