Sindano baada ya kujifungua: Ya msuli au ya mshipa?

MTOTO ameshalia, na ndugu wanaosubiri nje wameanza kupigiana simu za kheri. Kwa mkunga, kazi haijaisha. Kondo la nyuma bado halijatoka, na ni katika kipindi hiki kifupi mama anaweza kupoteza damu nyingi kuliko mwili unavyoweza kuhimili.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza kila mama apewe uniti 10 za oksitosini mara tu mtoto anapozaliwa. Dawa hii huufanya mfuko wa uzazi ujikaze na kuibana mishipa ya damu iliyobaki wazi pale kondo lilipojishikiza.

Swali ni ipitie wapi. Kuchoma msuli wa paja ni rahisi na hakuhitaji dripu, lakini dawa huchukua kama dakika tatu hadi tano kuanza kazi. Kwa mshipa, huanza ndani ya dakika moja hivi.

Je, tofauti hiyo ina maana? Watafiti wa Dublin, Ireland, walizilinganisha njia hizo kwa wanawake zaidi ya 1,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Matokeo yao, yaliyotoka mwaka 2018 katika jarida la BMJ, yalionyesha kuwa asilimia 8.1 ya waliochomwa msuli walipoteza lita moja ya damu au zaidi. Kwa waliopewa kwa mshipa, walikuwa asilimia 4.6. Walioongezewa damu walikuwa asilimia 4.4 kwa msuli, na 1.5 kwa mshipa.

Kwa sasa WHO inashauri mama ambaye tayari amewekewa dripu apewe dawa kwa mshipa, tena taratibu, kwani ikisukumwa haraka inaweza kushusha presha ghafla. Asiye na dripu achomwe msuli bila kupoteza muda. Kubwa zaidi ni kuipata dawa yenyewe, iliyotunzwa kwenye jokofu, maana joto huipunguza nguvu.

Mama mjamzito anaweza kumuuliza mkunga mapema, siku ya kliniki: "Nitapewa sindano gani nikishajifungua?"

Na anayemsindikiza asimtazame mtoto tu. Pedi au kanga ikilowa upesi, mama akipata kizunguzungu au moyo ukienda mbio, amwite mkunga hapo hapo, hata kama sindano imeshachomwa.