Vituo vya Kiingereza, na Msaada Umfaao Mwandishi

Wako waalimu wengi katika nchi zetu wasemao Kiingereza vizuri mbele za watu, walakini wakishika kalamu kukiandika huingiwa na hofu. Hofu hiyo ina sababu. Mtu akinena, msikiaji humtazama uso, husikia sauti ikipanda na kushuka, na neno lililopotoka hulinyosha mwenyewe moyoni. Barua haina uso. Nataka kueleza hapa ni msaada wa namna gani umfaao mwandishi huyo, nami nitaanza na barua yangu mwenyewe iliyonitia aibu.

Shule niliyofundisha ilikuwa na waalimu tisa. Watatu katika hao hawakuwa wamepata mshahara wa miezi miwili. Sita walikwisha kulipwa. Wale watatu walipoondoka kwenda makwao, nikaiandikia ofisi iliyohusika kwa Kiingereza: "The teachers, who had not been paid, went home." Nilitia ile mikato miwili kwa kuwa niliposoma kwa sauti, ndipo pumzi yangu iliposimama. Jibu likaja kwa ukali: sita wametia sahihi ya kupokea mishahara yao, nami nathubutuje kusema ya kuwa hapana aliyelipwa? Nikakasirika sana, maana sikusema hivyo.

Kumbe nilisema. Nilimwendea mzee mmoja aliyekuwa karani zamani, nikamwonyesha nakala. Hakuchukua kalamu. Aliniuliza tu, "Bwana Mwalimu, walioondoka ni wangapi?" Nikamjibu, watatu. Akasema, "Barua yako yasema tisa." Ndipo aliponieleza ya kuwa katika Kiingereza mikato miwili ya namna ile huyafanya maneno yaliyo katikati kuwa habari ya ziada, ukiyafunika kwa kidole, husalia "waalimu walikwenda makwao", yaani wote. Mikato ikiondolewa, maneno yale yale huwa ya kupambanua: ni wale tu wasiolipwa. Akanipa na njia ya kujaribu, nami sijaona iliyo bora kwa mtu wa Kiswahili. Rudisha maneno yako katika lugha yako mwenyewe. Kama wapata kusema "wale wasiolipwa", usitie mkato. Kama wapata kusema "nao hawakulipwa", tia mikato yote miwili.

Kosa langu halikuwa la ujinga mtupu. Hata Waingereza wenyewe walifundishwa zamani kuhesabu vituo kwa pumzi. Lindley Murray, aliyezaliwa Marekani akakaa York, alitoa kitabu chake cha sarufi mwaka 1795, nacho alikiandika kwanza kwa ajili ya shule ya wasichana ya Marafiki katika mji ule. Humo alifundisha ya kuwa nukta mkato ni kitulizo mara mbili ya mkato, nukta pacha mara mbili ya hiyo, na nukta mara mbili ya nukta pacha. Kitabu hicho kilitumika mashuleni miaka mingi sana. Lakini desturi ya waandishi na wapiga chapa ikazidi kufuata maana na mpango wa sentensi, na pumzi ikaachwa nyuma. Atiaye vituo kwa pumzi leo atapatia mara nyingi, na siku atakayokosa hatajua amekosa nini.

Makosa yetu mengine hutoka katika Kiswahili chenyewe, nayo ni mema nyumbani kwake. Sisi twasimulia, "Akaja, akaketi, akasema," na ile -ka- ndiyo kamba iyafungayo yote. Mkato hauna kazi kubwa. Mwandishi akipeleka mwendo huo katika Kiingereza huandika sentensi tatu kamili zilizoungwa kwa mikato mitupu, naye msahihishaji humpigia mstari mwekundu. Kiingereza hakina -ka-. Chataka "and", au nukta mkato, au nukta. Tena sisi hupenda kutua baada ya jina refu: "Mtu yule aliyekuja jana jioni, ni ndugu yangu." Kwetu hakuna aonaye vibaya. Katika Kiingereza mkato mmoja kati ya mtenda na kitendo chake ni kosa. Na "nimemwona jana" ni neno la kila siku, walakini "I have seen him yesterday" halikubaliki, kwa kuwa Kiingereza hakipatanishi "have" na siku iliyokwisha kupita. Kwa habari ya "a" na "the" sitasema mengi. Hivyo vijineno viwili vyataka makala yake.

Basi msahihishaji asiyejua Kiswahili atayaondoa makosa hayo, lakini hataona yalikotoka, nasi tutayarudia kesho. Vitabu navyo vina faida, kila kimoja mahali pake. Kanuni alizoziandika Horace Hart mwaka 1893 zilikuwa za wapanga chapa wa Oxford. Zikauzwa kwa watu wote tangu 1904, na chapa zake mpya zimetolewa hata katika karne hii. Kamusi ya matumizi ya H. W. Fowler, ya mwaka 1926, ni tamu kusoma, ila humfaa zaidi aliyekwisha kujua njia. Kompyuta nazo hupigia mistari makosa ya tahajia na ya vituo, na mara nyingi husema kweli. Lakini sentensi yangu ya waalimu ni sahihi kwa mikato na bila mikato. Mashine haikuwapo shuleni kwetu kuwahesabu walioondoka.

Wala mtu asidhani mambo haya ni ya waalimu wadogo tu. Katika jimbo la Maine, Marekani, sheria ilitaja kazi za vyakula ambazo watendao hawalipwi ziada kwa saa za kuzidi, na mwisho wa orodha ilitaja kufunga mizigo kwa kusafirishwa au kugawanywa, pasipo mkato kabla ya "au". Madereva wa kampuni moja ya maziwa wakasema, sisi twagawanya, hatufungi. Mwaka 2017 mahakama ya rufani ikaona ya kuwa maneno yale yana shaka, ikawapa haki madereva. Na mwaka 2018 shauri likamalizwa kwa mapatano ya dola milioni 5. Watunga sheria walikwisha kuiandika upya orodha ile, wakatia nukta mkato kati ya kazi na kazi.

Mtu akitaka msaada, asimpe mwenzake karatasi na kusema, "Nitengenezee." Atatengenezewa, na huenda akapewa barua nzuri isemayo neno jingine. Amweleze kwanza kwa Kiswahili alilotaka kusema, kisha amwombe atie alama pembeni palipo na kosa bila kuliandika upya, na alirekebishe mwenyewe mbele yake. Kazi hiyo yachukua muda mrefu na huchosha. Mzee yule alikaa nami mchana kutwa kwa barua ya mistari kumi na miwili.

Barua ya pili ilikwenda bila mikato ile, na hesabu ya watu nikaitaja kwa tarakimu. Wale watatu walilipwa mwezi uliofuata. Nakala ya kwanza ningali nayo, mikato yake miwili imezungushiwa kalamu ya risasi.